Mafuta Yaliyochacha

Kolwezi, 18 Mei 1993

Yaya, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Blandine na watoto. Sisi huku mtaani Kasulo tunapumua. Adolphine wangu amepona surua, sasa anakula kila anachokiona, na mama mkwe bado anagombana na Mungu juu ya magoti yake. Mukalay anakusalimu. Najua utakunja uso ukifika hapo, lakini mume wangu alisema nikusalimie, nami nimekusalimia.

Tangu Machi walipowafukuza ninyi watu wa Kasai na kuwapandisha treni sikuwa nimesikia neno lolote. Wengine walisema mko Kananga, wengine walisema mabaya ambayo sitayaandika. Kisha Tharcisse wa reli, yule uliyesoma naye kwa mapadri, akaniambia amekuona kwa macho yake kituoni Mwene-Ditu ukiuza sabuni. Nililia kwa furaha, halafu nikashikwa na hasira. Mtu wa kwanza wa Kolwezi kuwa na maabara yake mwenyewe ya kemia ya mafuta, anauza sabuni kituoni! Barua hii inapita mikononi mwa Tharcisse, maana posta ya hapa imebaki jengo tu.

Mimi wananiacha kwa sababu ya mume. Watoto wa Mukalay ni Wakatanga, ndivyo watu wanavyohesabu, na mama yao wanamfumbia macho. Sokoni nasema kidogo, nanunua haraka, narudi.

Sasa neno lililonifanya nikuandikie. Gracien Kabemba, mwanafunzi wako, alikuja nyumbani na kofia mkononi. Kiwandani madini hayapandi. Wanasaga mawe, wanayatia kwenye tangi la maji kama siku zote, povu linatoka, lakini shaba inabaki chini pamoja na matope. Kemikali ya Ulaya haiji tena, kampuni haina fedha, na mapipa ya mafuta uliyokuwa ukiyatengeneza badala yake yamekwisha. Wale mama waliokuwa wakiyatengeneza pamoja nawe kwenye uwanja wa reli wote walikuwa wa Kasai, wote walikwenda na treni. Karatasi zako zilichomwa pamoja na viti vya ofisi. Gracien anajua kuyapima mafuta yakishamfikia mezani, lakini jinsi yanavyotengenezwa hakuwahi kuona. Anaomba umfundishe kwa barua.

Blandine kifua chake kimepoa? Mwambie ile kanga yake ya bluu niliiokota, ninayo.

Mdogo wako,
Stéphanie


Mwene-Ditu, 11 Julai 1993

Mdogo wangu Stéphanie,

Barua yako imefika ikiwa na mafuta ya injini pembeni, nikajua kweli imepita kwa Tharcisse. Nashukuru Mungu kwa Adolphine. Mwambie mama mkwe wako kwamba magoti yangu nayo yamejiunga na malalamiko yake.

Tunakaa kwenye darasa la shule ya misheni, familia tano, mapazia ya magunia katikati. Watu wa hapa wanatuita ndugu na wanatupandishia bei ya mihogo. Mimi nilizaliwa Kolwezi, baba yetu alipelekwa huko kuchimba akiwa kijana, na sasa naambiwa nimerudi kwetu. Kwetu gani? Nikiongea Tshiluba changu watoto wa hapa wanacheka hadi wanashika matumbo. Asubuhi nafundisha kemia bila ubao, mchana napika sabuni. Usiidharau sabuni, mama. Ni kemia ya mafuta ileile, tena hii inanipa unga.

Watoto wako wazima, wamekonda kidogo.

Niambie, nyumba yangu inakaliwa na nani? Ule mparachichi nilioupanda nyuma ya jiko ulikuwa umeanza maua.

Kulikuwa na swali jingine katika barua yako. Nimelisoma.

Kaka yako,
Kankolongo


Kolwezi, 2 Agosti 1993

Yaya,

Salamu kutoka kwa wote. Adolphine ameng'oka jino la mbele, anajificha asionekane akicheka. Umenieleza juu ya watoto na juu ya magoti, juu ya Blandine hukusema kitu. Anaendeleaje?

Umeniuliza juu ya nyumba. Anakaa Séraphin, binamu yake Mukalay. Sikutaka ulijue hilo kupitia kwangu, lakini kuliko ulisikie kituoni, basi. Nilimwambia Mukalay uso kwa uso kwamba ni aibu, tukakaa wiki nzima tukisemeshana kupitia kwa mtoto. Mparachichi upo.

Sasa nisikilize, maana nikikasirika mwandiko wangu unaharibika. “Nimelisoma.” Hilo ni jibu gani? Kitengo kile kitafungwa mwaka huu kama madini hayapandi. Mukalay ndiye wamemfanya mkuu wake. Chini yake wapo wanaume ambao hata sasa mshahara wanaupata kwa kubahatisha, na kitengo kikifungwa hata huko kubahatisha hakutakuwapo. Tangu ule mgodi mkubwa ulipoporomoka kila kitu hapa kinashuka. Baadhi ya watu hao waliwapigia kelele mkienda kituoni, siwezi kukuficha. Wengine walijifungia ndani na wake zao, wakilia. Watoto wao wote wanakula sahani moja kwa siku, pamoja na wangu.

Ukikataa, kataa. Lakini niandikie neno “hapana” nilisome, nimpelekee Gracien. Anakuja kila Jumapili baada ya misa kuniuliza.

Stéphanie


Mwene-Ditu, 29 Agosti 1993

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote. Jino jipya litaota, mwambie Adolphine acheke tu. Sisi tuko vilevile, mvua za kwanza zimetupata na bati linavuja juu ya pazia letu, si juu ya mapazia ya wengine. Ndiyo bahati yangu.

Haya, msomee Gracien, polepole.

Chembe ya mafuta ni kichwa kimoja chenye mikia mitatu. Ikiwa nzima haina kazi kwenu. Mkia ukikatwa ndipo unapata kitu chenye ncha mbili: ncha moja inapenda shaba, ncha nyingine inakimbia maji. Ile ya kwanza inashika jiwe la kijani, lile lenye shaba, ya pili inaingia kwenye povu, na jiwe linabebwa juu. Ulaya wanakata mikia hiyo kwa soda kali. Soda ilipoacha kuja nilihangaika miaka mingi kutafuta kitu kingine cha kukatia, na nilikipata ndani ya tunda la mchikichi lenyewe. Linabeba kisu chake. Tuliosoma tunakiita kimeng'enya, lakini kisu kinatosha. Ukiliponda tunda likiwa bichi, kisu kinaanza kazi kabla hujanawa mikono. Ukilichemsha kwanza, kisu kinakufa.

Wanakemia walioandika juu ya jambo hilo kabla yangu waliliandika kama ugonjwa. Walitaka mafuta ya kula, na mafuta ya namna hiyo yanachacha, yanakera koo. Mimi nilikuwa nautaka ugonjwa wenyewe. Walinicheka mpaka siku tangi la kwanza lilipogeuka kijani juu.

Kwa hiyo: chikichi zije kutoka Sandoa zikiwa mbichi. MSIZICHEMSHE. Mama wote wa huko huchemsha kwanza, ndivyo walivyofundishwa na mama zao, itabidi muwasimamie. Pondeni mbichi, tieni kwenye mapipa, funikeni, acheni mpaka harufu iwafukuze. Ndipo mpashe moto na kukamua. Mapipa msiyaoshe, masalia ya zamani yanasaidia mapya. Gracien ayapime kama nilivyomfundisha. Yakifika alama yangu, atie tangini.

Sidai kitu. Nataka tu ijulikane imetoka kwa nani.

Kankolongo


Kolwezi, 24 Oktoba 1993

Yaya mpendwa,

Tunakusalimu. Mama mkwe amelazwa, sasa ametoka, anatembelea fimbo na kuwapiga kuku nayo. Nimekutumia kwa Tharcisse samaki wakavu na ile kanga ya Blandine. Mbona huniambii chochote juu yake? Amenikasirikia kwa sababu mimi nilibaki?

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa naona haya. Haya yenyewe hayajaisha, lakini karatasi nimeshaianza.

Barua yako niliipeleka siku ileile. Gracien aliisoma akiwa amesimama, akasema, “Ni yeye. Ni yeye kabisa, namusikia.” Wakakaa kikao kiwandani. Na kwenye kikao mtu mmoja akasimama akasema hivi, nakuandikia kama nilivyoelezwa: “Ule mutu tulimutosha mu nyumba yake, tukamutia mu wagon ya bitu, na leo atutumie maneno ya kweli? Mi siamini. Akisema musichemshe, ni kusema muchemshe. Tugeuze yote.” Watu wakapiga makofi. Gracien alibisha hadi sauti ikakauka, wakamwambia yeye bado kijana, hajui moyo wa mtu aliyefukuzwa.

Wakageuza yote, Yaya. Mapipa waliyasugua kwa mchanga mpaka yakang'aa. Chikichi walizichemsha vizuri, wakaponda, wakakamua siku hiyohiyo. Yakatoka mafuta mekundu, matamu. Povu tangini likatoka jeupe, halina kitu. Hawakuyamwaga yaliyosalia. Kila mtu alipeleka chupa nyumbani, na jirani yangu, aliyekuwa akipika majani ya mihogo, aliniambia, “Mama Adolphine, hii mafuta ya kiwanda iko muzuri sana ku sombe!”

Kisha, badala ya kuona walichofanya, wakaanza kusema umewadanganya. Wamesahau wenyewe kwamba waligeuza. Au hawajasahau, sijui. Mwezi wa Januari wakubwa wanakuja kufunga.

Stéphanie


Mwene-Ditu, 20 Novemba 1993

Stéphanie,

Samaki wamefika. Kanga imefika.

Wakati ule wanatuita wadudu nilinyamaza, nikafunga mizigo. Nyumba wamechukua, nimenyamaza. Lakini nimefanya kemia maisha yangu yote, na hakuna mtu aliyewahi kupima neno langu akalikuta si kweli, hata wale walionichukia. Hicho ndicho kitu kimoja nilichopanda nacho treni. Sasa wamekichukua nacho, tena wakiwa na midomo inayong'aa mafuta.

Nani alisimama kwenye kikao? Umeandika “mtu mmoja”. Huna kawaida ya kusahau majina, wewe.

Sitaandika tena kwa kiwanda. Nakuandikia wewe, ufanye kwa mikono yako. Ponda chikichi mbichi chache, uzifunike kwenye chungu usichokipenda, uziache. Siku majirani wakianza kuuliza ni kitu gani kimekufa kwako, pasha moto, kamua. Tafuta vipande vya jiwe la kijani, watoto wa huko wanavichezea kila mahali. Saga viwe unga, uchanganye na udongo. Tia kwenye chupa ya kioo, ongeza maji ya majivu kama yale ya kupikia mboga kavu, na tone la mafuta yako. Ziba, tikisa kwa nguvu, tuliza. Kwenye chupa nyingine fanya vilevile kwa yale mafuta matamu ya jirani.

Nilikuwa nawafanyia hivyo wanafunzi siku ya kwanza. Sikuwa naongeza maelezo.

Kankolongo


Kolwezi, 9 Januari 1994

Yaya yangu,

Heri ya mwaka mpya, Mungu awalinde. Huku tuliukaribisha kwa ugali na maharage, na Adolphine akaimba kanisani bila kuficha mdomo.

Nimefanya. Chungu nilikiweka nyuma ya choo, na bado mama mkwe alitishia kuhama. Mukalay aliuliza ni nini, nikamwambia ni barua ya kaka yangu inaiva. Hakuuliza tena.

Jumapili baada ya misa nilimwita Gracien, nikamwita na Mukalay, nikaweka chupa mbili juu ya meza. Nikamwambia mume wangu, “Tikisa mwenyewe, usiseme ni dawa ya kwetu.” Akatikisa ile ya mafuta matamu. Povu jeupe, na kijani chote kimelala chini na udongo. Akatikisa ya pili. Yaya, sikuwahi kuona kazi yako kwa macho yangu miaka yote hiyo, nilikuwa nasikia tu kwamba kaka yangu ni msomi. Udongo ulishuka, na lile vumbi la kijani likapanda, likapanda lote, likakaa juu ya povu. Nilishika kichwa. Gracien alikuwa analia waziwazi bila kujipangusa. Adolphine akataka kuinywa.

Mukalay aliitikisa tena. Akaitikisa mara nyingine. Kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi za mlango.

Uliniuliza jina. Sikuliandika kwa sababu nalala kitanda kimoja nalo. Sasa umejua. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namkinga, vyote viwili, na sikujua nifanyeje.

Wameanza upya kiwandani, mbichi, na mapipa machafu. Harufu inafika mpaka sokoni. Juzi tangi limepanda kijani na wakubwa wameahirisha kufunga. Gracien ameandika jina lako kwa chaki kwenye kila pipa. Mkuu mmoja akaamuru lifutwe, likafutwa. Asubuhi yake lilikuwapo tena, na safari hii, Gracien anaapa, si yeye aliyeandika.

Mukalay ameniomba sehemu hii ya chini ya karatasi. Sijasoma anachoandika.

Stéphanie

*Shemeji, ni mimi niliyesema wageuze. Nilikaa nikajiuliza, kama ningekuwa wewe, ningewaandikia nini watu hawa? Ningewaandikia uongo, tena mzuri. Basi nikakupima kwa moyo wangu. Sikuona moyo mwingine karibu wa kupimia. Séraphin nimemwambia atafute pa kukaa. Mukalay.*


Mwene-Ditu, 13 Februari 1994

Mdogo wangu Stéphanie, na wewe shemeji Mukalay, maana najua mtasoma pamoja,

Salamu kwenu na kwa mama mkwe na fimbo yake. Barua nimeisoma nimesimama katikati ya kituo, watu wakinipiga vikumbo.

Stéphanie, umeniuliza juu ya Blandine katika kila barua. Blandine alifariki ndani ya treni, kabla ya Kamina. Wagon ilikuwa wazi, mvua ilitunyeshea, na kifua chake hakikuweza. Treni iliposimama porini wanaume walinisaidia kuchimba. Kanga uliyotuma wameipokea wasichana, wanajifunika nayo kwa zamu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unataka kwangu neno la kemia, na mimi nilitaka mlikubali kwa kuwa ni kweli, wala si kwa kunionea huruma. Ningesema nimefiwa, mngenipa pole na mngenisadiki kwa adabu. Sasa mmekwisha kusadiki. Mlilie, alikupenda sana.

Na wewe, Mukalay. Umeandika kwamba ulinipima kwa moyo wako ukakosea. Hukukosea sana. Ile barua ya uongo niliiandika. Niliiandika mwezi ule wa Agosti, kabla ya ile mliyopata. Ilisema chemsheni kwanza, osheni mapipa, kamueni siku hiyohiyo, na ilieleza sababu kwa ufundi hata mimi nilikaribia kuamini. Nilikuwa nikimwona Blandine kila nilipoweka nukta. Nikampa Tharcisse mkononi, akaitia mfukoni, treni ikaanza kuondoka.

Nikamfikiria Gracien akiisoma. Angesema, “Ni yeye.” Katika Kolwezi nzima kulikuwa na mtu mmoja ambaye angeniamini bila kuuliza, na huyo ndiye niliyekuwa nakwenda kumdanganya. Nikaanza kukimbia. Mimi na magoti haya, kando ya treni, nikipiga kelele arudishe! arudishe! Viatu vya kuazima vikabaki relini. Watu walidhani nimeibiwa, wakamkimbiza mwizi upande mwingine. Tharcisse aliitupa dirishani, na mimi nikaichana hapohapo, nikakaa chini kwenye kokoto.

Jana ndipo nilipolipiga hesabu jambo lenyewe. Kama ningeiacha ile ya uongo iende, wewe, shemeji, ungesimama kikaoni ukasema wageuze yote. Wangeacha kuchemsha. Wangeacha kuosha mapipa. Madini yangepanda tangu Septemba, na watu wako wasingeteseka miezi yote hii. Nilicheka peke yangu mpaka wasichana wakaja kuniangalia.

Nimekaa nalo usiku kucha, shemeji, nikiligeuza huku na huku kama ulivyofanya wewe. Na bado, treni ile ingeondoka tena leo na barua ile ndani, ningeikimbiza.

Kankolongo